Kufundisha Kuwaka kwa Kupima Kilichobaki

Mwalimu mwanafunzi akipangiwa mada ya kuwaka wakati wa mazoezi ya kufundisha, aghalabu huingia darasani na mshumaa mmoja, sahani ya maji na bilauri. Huuwasha mshumaa na kuufunika. Mshumaa huzimika, maji hupanda ndani ya bilauri, naye huwaambia wanafunzi kuwa oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Wanafunzi huitikia, huandika, na kengele hulia. Somo hili tumelitazama mara nyingi, tukiwa tumeketi nyuma ya darasa na fomu za tathmini magotini. Andalio huwa zuri, ubao huwa safi, zana zipo. Lakini linalofundishwa si kweli.

Oksijeni huwa haijaisha. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni karibu asilimia 21 kwa ujazo, na mshumaa huzimika inaposhuka kufikia asilimia 16 hivi. Sehemu kubwa bado imo ndani ya bilauri. Maji hupanda hasa kwa kuwa hewa iliyopashwa moto na mwali hupoa na kusinyaa. Pengine msomaji atasema hili ni jambo dogo kwa mtoto wa darasa la tano. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto aliyefundishwa kwamba moto huishi mradi oksijeni ipo, na hufa oksijeni ikiisha, atajiambia kuwa maadam jiko la mkaa linawaka chumbani, hewa ya chumba hicho ni salama. Na katika vijiji vya juu vya Uluguru, upande wa Mgeta, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko ndani usiku na kufunga dirisha.

Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuwaeleza walimu wanafunzi juu ya ziara fupi tuliyoifanya hapa Kilakala, mahali ambapo wengi wasingetafuta somo la sayansi ya shule ya msingi. Tulikwenda gereji.

Gari tuliloonyeshwa lilikuwa Subaru yenye tabo, yaani mtambo wa kusukumia hewa ndani ya injini kwa nguvu, nayo ilikuwa ikiandaliwa kwa mashindano ya mbio za magari. Kando ya usukani fundi alikuwa ameweka saa ndogo ya duara, na ndani yake namba zilicheza: 14.5, 14.8, 14.7. Walimu wanafunzi walidhani ni joto la maji. Fundi akawaeleza kuwa ni uwiano wa hewa na mafuta: kwa kila kilo moja ya petroli injini inapewa kilo 14.7 za hewa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo petroli yote na oksijeni yote, kwa kanuni, humalizana bila mmoja kumbakiza mwenziwe. Namba ikishuka, mafuta yamezidi, na huo tutauita mchanganyiko mzito. Ikipanda, hewa imezidi, nao ni mwepesi.

Dereva wa kawaida hana haja ya saa hii, kwa kuwa kompyuta ya gari lake hufanya kazi hiyo kimyakimya. Gari la mashindano ni jambo jingine. Tabo inaposukuma hewa nyingi na mguu ukakandamizwa hadi mwisho, fundi hutaka mchanganyiko mzito, kati ya 11 na 12 hivi, ili mafuta ya ziada yapooze mwako na kuzuia mchanganyiko usilipuke ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Mchanganyiko ukiwa mwepesi hapo, pistoni inaweza kutoboka kwa muda mfupi mno, na kazi ya miezi ikaishia kwenye lundo la vyuma. Kwa hiyo fundi hutazama namba ile kama muuguzi atazamavyo kipimajoto.

Swali la kwanza la mwalimu wa sayansi lazima liwe hili: chombo kimejuaje? Hakikupima petroli ilipoingia, wala hakikupima hewa. Kimepachikwa kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Kinagusa moshi tu, na katika moshi huo kinatafuta oksijeni iliyobaki. Kutokana na mabaki kinakisia jinsi karamu ilivyokuwa.

Sensa za namna hii zilianza kutumika magarini mwaka 1976, pale kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipozitengeneza na Volvo ya Sweden ikaziweka katika magari yaliyokwenda kuuzwa Marekani. Ndani yake mna kigae cha zirkonia, ambacho kikipashwa moto sana hupitisha oksijeni katika hali ya chembe zenye umeme. Upande mmoja wa kigae unagusa moshi, na upande wa pili unagusa hewa safi. Oksijeni ikitofautiana pande hizo mbili, volti ndogo hujitokeza, kwa kanuni ya Mjerumani Walther Nernst, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1920. Lakini sensa ile ya kwanza ilikuwa na upungufu. Karibu na 14.7 volti yake huruka ghafla, toka 0.1 hivi hadi 0.9 hivi. Hivyo husema "mzito" au "mwepesi" tu, bila kusema kwa kiasi gani. Ni kama msahihishaji anayetia alama ya vema au ya kosa na kumrudishia mtoto daftari. Mtoto hajui kama alikosea kidogo au alipotea kabisa.

Katika miaka ya 1990 ilikuja magarini sensa ya upeo mpana, ambayo mafundi wetu huiita waidibendi, na hiyo ndiyo tuliyoiona Kilakala. Maelezo yake katika vitabu vya ufundi ni magumu, lakini tuliyafikisha kwa wanachuo kwa mfano wa pipa. Chukua pipa lenye alama ya usawa ubavuni. Maji huingia na kutoka bila wewe kujua kiasi, na kazi yako ni kuhakikisha maji hayapandi juu ya alama wala hayashuki chini yake. Umepewa kikombe. Yakizidi unateka, yakipungua unaongeza. Mwisho wa saa moja, mtu akikuuliza ni maji kiasi gani yaliyozidi au yaliyopungua, huna haja ya kulitazama pipa. Utahesabu vikombe tu. Ndani ya sensa ya upeo mpana mna chumba kidogo sana chenye tundu la kuingizia moshi. Ukuta wake mmoja ni pampu ya umeme inayotoa oksijeni chumbani ikizidi, na kuiingiza ikipungua ili imalizane na mafuta yaliyobaki. Umeme unaotumika kusukuma ndio vikombe vyenyewe. Yote haya hufanyika katika joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, katika kitu chenye ukubwa wa kidole gumba.

Hapa tuna jambo la kando. Sensa hizi haziwezi kuishi na petroli yenye madini ya risasi, kwa kuwa risasi huuziba na kuuharibu uso wa kigae. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya azimio lililofikiwa Dakar mwaka 2001. Ya mwisho duniani kuuzwa kwa ajili ya magari ilikoma Algeria mwaka 2021. Haikuondolewa kwa ajili ya sensa peke yake. Risasi ile ile iliyokuwa ikitoka katika moshi huingia katika damu ya mtoto na kuudhuru ubongo wake, na sisi walimu ndio tunaopokea matokeo hayo darasani bila kuijua sababu.

Turudi gereji, maana lililofuata ndilo lililotufanya tushike kalamu. Fundi aliiacha injini ikinguruma taratibu, kisha akachomoa waya wa koili ya silinda moja, ili plagi ya silinda hiyo isitoe cheche. Injini ikaanza kutetemeka. Namba ikapanda ghafla, ikapita 16, ikaendelea kupanda.

"Walimu wangu, saa inasema nini?" fundi akauliza.

"Mchanganyiko ni mwepesi," wakajibu kwa pamoja, nao walikuwa wamesoma sawasawa.

"Basi nifanyeje?"

Watatu wakasema aongeze mafuta. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo mwalimu mwanafunzi mmoja, dada aliyesimama nyuma karibu na bomba la moshi, akasema, "Samahani fundi, mbona huku moshi unanuka petroli tupu?"

Pakawa kimya. Sisi tukamwomba fundi asijibu. Tukawauliza tena maswali matatu, na tungependa kila msomaji ayaweke katika daftari lake, kwa kuwa yanafaa kwa kipimajoto, kwa mizani, na hata kwa alama za mtihani. Chombo hiki kinagusa nini? Kinachokigusa kimetoka wapi? Je, iko njia nyingine ambayo kitu hicho kingeweza kufika hapo?

Ilichukua karibu robo saa. Kwanza wakakubaliana kuwa saa haioni petroli, inaona oksijeni. Kisha mmoja akasema kuwa silinda isiyo na cheche haikuunguza kitu, kwa hiyo hewa iliyoingia humo imetoka na oksijeni yake yote. Mwingine akaongeza kuwa petroli nayo imetoka mbichi, na ndiyo harufu aliyoisikia mwenzao. Basi bombani mna oksijeni nyingi pamoja na mafuta mengi, na saa, ambayo haikuelezwa kuwa cheche imekufa, imehesabu kana kwamba mafuta yalikuwa machache. Anayeongeza mafuta hapo anaongeza ugonjwa. Fundi alitabasamu, akarudisha waya mahali pake, namba ikatulia. Akatueleza kuwa ekzosi ikiwa na ufa kabla ya sensa udanganyifu ni ule ule, kwa sababu hewa ya nje hufyonzwa ndani na kuhesabiwa kuwa ni ya injini.

Akatuonyesha na jingine. Alipokanyaga mafuta kisha akaachia ghafla, namba ilikimbia hadi mwisho wa saa na kukaa huko kwa nukta chache. Safari hii walimu wanafunzi hawakukimbilia kusema kuwa gari ni bovu. Walikaa na maswali yao matatu, wakapata: mguu ukiachia, kompyuta hukata mafuta kabisa, na kinachopita bombani ni hewa tupu.

Tungewaonya wasomaji wasidhani kuwa tunawatuma kununua sensa. Shule nyingi tunazokwenda hazina hata mizani. Mafundi wa zamani walifanya kazi hii bila umeme wowote. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalishuka hadi pwani na kupanda nyanda za zaidi ya mita 2,000. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404. Siku hizo fundi aliyetaka kujua mchanganyiko aliifungua plagi na kuisoma ncha yake. Ikiwa nyeusi kwa masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni mazuri. Hao nao walisoma mabaki.

Na kwa nini kupanda mlima kulisumbua? Swali hili linawafaa sana watoto wa Morogoro, ambao kila asubuhi huiona Lupanga ikiwa imesimama juu yao. Mji wetu uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga ni mita 2,138. Kule juu hewa ni nyepesi kuliko ya mjini kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hivyo. Inaendelea kumwaga mafuta takriban kama ilivyozoea. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa mjini ikapata 14.7, lau ingefikishwa kileleni, ingekuwa karibu na 13.6, ikitoa moshi na kula mafuta bure. Waendesha bodaboda wanaobeba mboga kutoka milimani wanalifahamu hilo kwa masikio yao. Mwalike mmoja darasani. Atawaeleza watoto kwa lugha yao kuliko sisi.

Hesabu nayo ipo tele, na tumeshangaa kuona jinsi inavyowaamsha wanafunzi. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo inahitaji karibu kilo 11 za hewa. Hapa mjini mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.1 hivi. Basi lita moja hula mita za ujazo zinazokaribia 10. Waambie watoto wapime darasa lao. Likiwa na urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, lina hewa mita za ujazo 144, nayo haitoshi kuunguza dumu la lita 20; itaishia lita ya 14 hivi. Mtoto aliyedhani kuwa hewa si kitu atalitazama darasa kwa macho mengine.

Sasa jiko. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kilo moja ya kaboni tupu huhitaji kilo 11.5 za hewa ili iungue sawasawa na kuwa kaboni dioksidi. Ikikosa hewa ya kutosha haizimiki. Huendelea kuwa nyekundu, hutoa joto, haitoi moshi unaoonekana, na kinachotoka ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Aliyelala hasikii chochote. Ni gesi hiyo hiyo inayotoka kwa wingi katika injini yenye mchanganyiko mzito, na ndiyo maana fundi wetu wa Kilakala hakuiwasha gari mpaka milango yote miwili ya gereji ilipofunguliwa. Walimu wanafunzi walidhani anatafuta mwanga. Tuliwaeleza sababu papo hapo.

Darasani tunapendekeza taa ya chemli badala ya jiko, na tena ifanyiwe nje, chini ya mti. Taa ikiwaka vizuri, mwalimu azibe kwa kipande cha bati sehemu ya matundu ya chini yanayoingiza hewa. Mwali utarefuka, utakuwa na rangi ya machungwa, na kioo kitaanza kuwa cheusi. Asiseme neno. Awaachie watoto waitazame taa inayowaka huku ikikosa hewa, kisha aulize: moto umekufa? Hewa inatosha? Masizi yametoka wapi? Yeyote ambaye nyumbani kwao wanatumia jiko la mchina amekwisha kuona mwali wa buluu ukigeuka njano na sufuria ikichafuka, atajibu mwenyewe. Kutoka hapo kwenda kwenye jiko la chumbani ni hatua moja, na mwalimu aichukue waziwazi: masizi yanaonekana, gesi haionekani, na dirisha lazima liwe wazi, tena ni heri jiko lilale nje.

Mshumaa na bilauri hatujavitupa. Tunataka vitumiwe kwa namna nyingine. Mwalimu aanze na mshumaa mmoja, watoto watie alama mahali maji yalipofika. Kisha achukue bilauri iliyo sawa na ile ya kwanza, aifunike mishumaa mitatu pamoja. Maji yatapanda juu zaidi, ingawa hewa iliyofunikwa haikuongezeka. Ikiwa maji yanachukua nafasi ya oksijeni tu, imekuwaje yakapita alama? Hapo mwalimu anyamaze, hata kama mkaguzi ameketi nyuma na dakika zinakwenda. Watakaokwenda shule za Mgeta mwezi Juni watakuta mishumaa, bilauri za ukubwa mmoja na taa mbili za chemli katika stoo ya sayansi. Waandikishe majina kabla ya Ijumaa.